Mdomo wa Baba Barabarani

Kicheko nilikisikia kabla sijaona kinachochekwa. Kilitoka nyuma ya ukuta wa duka la vipuri, pale mtaa wa Kambarage mjini, kicheko cha wanaume wengi, kinapanda, kinakatika, kinaanza upya. Katikati yake kulikuwa na sauti moja inaimba. Iliimba kwa midomo iliyokunjwa ndani, kama mtu asiye na meno, maneno yakitoka pamoja na mate: "Wafukuma njooni, njooni mfikie..."

Wimbo ule niliujua. Ni wa baba yangu.

Nilikuwa natoka mashineni, tunakokoboa mpunga, nywele zimejaa pumba. Nikakata kona.

Ukutani palikuwa na bango jipya, refu kuliko mlango na pana kuliko mkokoteni. Upande wa kushoto waliandika KABLA. Hapo palikuwa na mdomo wa baba, umepanuliwa kwa vidole viwili vyenye glovu, fizi tupu zinang'aa mate, jino moja la pembeni limebaki kama kisiki cha pamba baada ya mavuno. Upande wa kulia waliandika BAADA. Hapo baba anacheka, meno meupe yamejipanga juu na chini. Na chini kabisa, kwa herufi nyekundu: VIPANDIKIZI VYA MENO. IMARA MAISHA YOTE. HATA YEYE AMEWEZA. Halafu namba ya simu ya kliniki ya Daktari Athanas.

"Oyaa, Bujiku!" Aliyekuwa anaimba alikuwa Mwita, dereva wa bodaboda, mtu wa Tarime tunayetaniana naye kila siku. "Njoo umwamkie mzee wako. Ila usisogee sana, asije akakumeza!"

Wenzake wakaangukiana juu ya pikipiki kwa kucheka.

Sikumbuki nilivyofika pale alipokuwa. Ninachokumbuka ni kola ya shati lake mkononi mwangu, na pikipiki yake ikianguka.

"Rudia," nikamwambia. "Rudia kuimba."

"We Msukuma, niache! Mimi ndiye nimelibandika? Nimelikuta asubuhi, na gundi bado mbichi."

"Rudia nikuvunje meno yako, tuone nani atakubandika wewe."

Walitutenganisha. Mwita akajifuta vumbi, akaninyooshea kidole, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Unapigana na mimi bure, kaka. Mimi natania kwa sababu nakujua. Wasiokujua wameshafanya makubwa. Hebu tazama."

Akafungua simu, akanionyesha video. Nilimtambua Sostenes, manju, mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma tunaloshindana nalo kila mwaka, anarukaruka mbele ya watu wake, na ngoma kubwa kiunoni. Kwenye ngozi ya ngoma ile walikuwa wamebandika karatasi ya tangazo, ile ndogo inayogawiwa stendi. Mdomo wa baba. Kila Sostenes aliposhusha fimbo, aliupiga mdomo wa baba yangu katikati ya fizi, na watu wakaitikia, "Pango! Pango! Popo watokeee!"

Nikamrudishia simu. Nikashika njia ya nyumbani.

*

Baba yangu anaitwa Makoye. Kijijini kwetu, mwendo wa dakika arobaini kwa pikipiki kutoka mjini, mtu akisema "manju" bila kutaja jina, anamaanisha yeye. Lakini pamba ilipokosa bei aliiacha ngoma akaenda Geita, machimboni, na huko alikaa miaka kumi na minne. Hakuwa mtu wa kushuka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Kazi yake ilikuwa kuchoma. Mchanga ukitoka karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, ukaoshwa, unachanganywa na zebaki, zebaki inakusanya dhahabu, kisha donge lile linachomwa ili zebaki iondoke. Baba alichoma kwenye kikaango cha kawaida, nyuma ya kibanda, bila kitambaa puani, asubuhi na jioni. Moshi wake hauna harufu kali, kwa hiyo hakuna aliyeuogopa.

Kwanza fizi zikaanza kutoa damu. Halafu meno yakalegea, yakawa yanacheza kama vigingi kwenye ardhi yenye matope. Alikuwa anayang'oa mwenyewe, kwa vidole, anayatupa. Mwenye duara alimwambia ni umri. Baba alikuwa na miaka arobaini na saba! Aliporudi nyumbani alikuwa amebakiwa na jino moja tu la pembeni, na tajiri aliyemchomea dhahabu miaka yote ile hakumpa hata nauli ya basi.

Miaka sita baba hakuimba. Nyimbo zilikuwapo kichwani, ila mdomoni zilipasuka. Mimi ndiye niliyekuwa natunga. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kuhesabu mizani kwa vidole huku nikilisha mashine mpunga. Ninatunga kwa Kiswahili, namsomea baba jioni, na yeye anaugeuza ubeti kuwa Kisukuma papo hapo, mzuri kuliko nilivyouandika. Lakini alikuwa ananong'ona tu, mimi na yeye, kama watu wanaoiba.

Mwezi wa nne likapita gari lenye spika. Kliniki mpya ya meno mjini inatafuta wazee kumi wenye majina: waimbaji, wachezaji, wazee wa kanisa. Watatengenezewa meno bure.

Nikampeleka.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo baba alikuwa halijui bado. Daktari Athanas, kijana tu, mwenye viatu visivyo na vumbi, alituletea karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Zote Kiingereza. Akaniuliza, "Kijana, unasoma Kiingereza?"

Nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yangu nayajua mimi na ukuta wa shule. Lakini pale walikuwapo wazee wengine na watoto wao, na yule dada wa mapokezi, Eunice, alikuwa ananitazama. Nikasema, "Vizuri sana."

Nikaishika ile karatasi. Nikapitisha macho juu hadi chini kwa mwendo wa mtu anayesoma. Nikafunua ya pili. Nilitambua neno la meno, neno la picha, na jina la baba lililokosewa herufi. Yaliyobaki yalinipita kama ng'ombe waliovunja boma.

"Inasema nini?" baba akaniuliza.

"Inasema unakubali kutengenezewa meno."

"Ndiyo hayo tu? Karatasi mbili?"

"Wasomi wanapenda kurefusha, baba. Weka dole."

Akaweka dole, nami nikatia sahihi chini yake kama shahidi. Aliniamini jinsi mtu anavyoliamini daraja alilolijenga mwenyewe.

Walimjaza mdomo udongo wa pinki kuchukua kipimo, wakampiga picha, na baada ya wiki tatu akapewa meno bandia, ya kuvaa asubuhi na kuvua usiku. Siku za mwanzo yalimwumiza. Yaligongana akiongea, ka, ka, ka, kama kwato juu ya mawe. Alfajiri nilikuwa namsikia nyuma ya zizi akijifunza upya herufi, akirudia neno moja mara hamsini hadi lisimame. Wiki ya tano aliimba wimbo mzima. Mama alikuwa anapepeta mpunga. Akauweka ungo chini, akakaa juu ya kinu.

Mashindano na kundi la Sostenes yalipangwa Jumamosi. Baba angerudi uwanjani. Bango nililiona Jumatano.

*

Nilikuwa nimepanga kumficha. Nilipofika nyumbani kijijini, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, meno yako kwenye kikombe cha bati pembeni yake, mchana kweupe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa." Bila meno, sauti yake ilikuwa laini, ikipitisha hewa. "Wamekuja vijana wawili wa kundi letu. Wamenionyesha kwenye simu. Mdomo wangu uko njiani."

"Nitalichana, baba. Nitaichoma kliniki ile na..."

"Uko wazi?"

"Nini?"

"Mdomo. Nimeuona kwenye simu, ni mdogo. Nakuuliza wewe uliyeuona wenyewe. Umefunguliwa?"

"Umefunguliwa," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Mwalimu wake wa ngoma alimwekea miiko, na baba hajawahi kuivunja. Manju anayekaribia mashindano hapigi miayo hadharani bila kuziba kwa kiganja. Hanywi kwenye kibuyu asichokiona kikisuuzwa. Hacheki na mpinzani akaonyesha koo. Mdomo ndio silaha yake na ndio mlango wake, na Sostenes si mtu wa kuingia mashindanoni bila mganga. Mimi siamini dawa za ngoma. Baba anaamini, na mdomo ni wake, si wangu.

"Umeachwa wazi," akasema, "mchana na usiku. Vumbi linaingia, mbwa anapita, na Sostenes ameupigilia kwenye ngoma." Akageuka kunitazama. "Ile karatasi ilisema nini, Bujiku?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Wametudanganya, baba," nikasema. "Hao ni matapeli."

Na nilivyokuwa nimekasirika, sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesema kweli.

"Basi kesho tutaenda wote," akasema baba. "Watuonyeshe."

Sikulala. Niliandika beti tisa za kumtukana Daktari Athanas, kila moja na vina vyake, na zote nikazifuta.

*

Kliniki ina kiyoyozi na viti vya plastiki vyeupe. Eunice alisimama alipomwona baba, akapiga goti kidogo. "Shikamoo babu. Karibuni. Daktari ana mgonjwa."

Kando yetu alikaa mtu mnene mwenye cheni shingoni na simu mbili. Alimtazama baba, akatazama bango dogo lililobandikwa ukutani, akamtazama tena.

"Ah! Ndiye wewe, mzee!" Akasogeza kiti. "Naitwa Donatus, nanunua dhahabu, nimetoka Katoro usiku kwa sababu yako. Nimeona picha nikasema, kama wamempandikizia mzee huyu aliyekwisha hivi, mimi nitashindwaje? Hebu niambie ukweli. Wakiingiza ile skrubu kwenye mfupa, inauma?"

"Skrubu ipi?" baba akauliza.

"Za vipandikizi. Wanatoboa taya, wanazamisha skrubu, jino linakaa juu yake. Halitoki mpaka unakufa. Si ndiyo hayo yako?"

Baba akaingiza kidole gumba mdomoni, pakalia kama kizibo kinachofunguka, akatoa meno yote ya juu, akamwekea kiganjani.

Donatus alirudi nyuma hadi kiti kikalia. "Yesu wangu!"

"Yashike," baba akasema, maneno yakivuja hewa. "Tafuta skrubu."

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto akaanza kucheka, akajiziba kwa khanga. Donatus aliyageuza yale meno, akayapima uzito kwa mkono kama anavyopima mali za watu kila siku, kisha akayarudisha. Uso wake ulikuwa umeiva.

"Dada!" akamwita Eunice. "Huyo daktari wenu aje hapa. Nimesafiri na gari langu kuja kuangalia plastiki?"

"Bosi, tulia, daktari anakuja."

"Situlii! Machimboni ukimuuzia mtu shaba ukamwambia dhahabu, hulali kwako! Hapa mnaita nini?"

Akaondoka, mlango wa kioo ukatikisika nyuma yake. Kwa dakika hiyo moja nilikuwa na furaha, mwili mzima. Nikasimama. Nikajiona nimeshinda.

Daktari Athanas akatoka, glovu bado mikononi. Akatuingiza ofisini haraka, akafunga mlango.

"Mzee, unanifukuzia wateja."

"Shikamoo hujatoa," nikamwambia.

Akavua glovu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba," baba akasema. Alikuwa amerudisha meno yake. "Nimekuja kuutoa mdomo wangu barabarani. Na kwa nini umeandika kitu ambacho sina?"

Daktari akakaa. Nitasema haki, hakuwa na uso wa mwizi. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka na mwenye mkopo wa kile kiti cha kuzunguka cha wagonjwa. "Mzee, wewe hatukuweza kukupandikizia. Taya lako limeliwa. Ile zebaki, na miaka sita bila meno, mfupa umebaki mwembamba kama ganda. Skrubu isingeshika. Nilikupa kilichowezekana, na nilikitengeneza vizuri. Unaimba, huimbi?"

"Sijauliza kama naimba."

"Lile ni tangazo tu. Kila mtu anatangaza hivyo."

Nikapiga meza, kalamu zikaruka. "Tangazo tu? Umempanua mdomo baba yangu kama unapima ng'ombe mnadani, umemweka njiani watu wamtemee, halafu unasema tangazo tu? Umemfanya chambo! Mmoja alimla meno kule Geita, wewe umekuja kula pengo! Nani alikupa ruhusa?"

Daktari hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akavuta droo, akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, akazigeuza zituelekee.

"Yeye," akasema. "Na wewe."

Dole la baba lilikuwapo, la bluu. Chini yake sahihi yangu, na mkia niliouongeza ili ipendeze.

"Ukurasa wa pili," akasema daktari. "Mgonjwa anakubali picha za mdomo na uso wake zitumike kutangaza huduma zote za kliniki, popote, kwa miaka mitano. Akiondoa ruhusa, atarudisha kifaa alichopewa." Akanitazama. "Nilikuuliza unasoma Kiingereza. Ukasema vizuri sana. Nikakuuliza mna swali. Ukasema hapana."

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Mimi, mwenye daftari zima la maneno, nilikuwa nahesabu mistari nisiyoielewa.

Baba hakumtazama daktari tena. Alinitazama mimi. "Ulisoma?"

"Baba..."

"Nimekuuliza Kisukuma au Kiswahili? Ulisoma?"

"Nilishika tu," nikasema. "Sikuelewa."

"Na jana nilipokuuliza?"

Nilitazama mkia wa sahihi yangu. Alijua nimejibu.

Siwezi kueleza uso wake. Nilishamwona akidhulumiwa na mwenye duara, nilishamwona akichekwa, hakuwahi kuwa na uso ule. Akainama, akatoa meno ya juu. Akatoa na ya chini. Akayaweka juu ya karatasi, juu ya dole lake, yakakaa pale yanacheka peke yake.

"Baba, usiyatoe!" Nilimshika mkono. "Jumamosi ni keshokutwa! Hawawezi kukudai, ni sheria gani hiyo? Twende kwa mwenyekiti, twende polisi..."

Akautoa mkono wangu kama mtu anavyotoa mwiba.

"Mzee," daktari akasema, na sasa aliona aibu kweli, "chukua tu. Hayo hayawezi kumfaa mtu mwingine yeyote. Yamepimwa kwa mdomo wako. Mimi nitayapeleka wapi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nakupa. Zawadi."

"Mara ya kwanza pia ilikuwa zawadi," baba akasema. Kila neno lilimchukua muda, likitafuta pa kukanyaga. "Dole ni langu. Sikudhulumiwa kwenye karatasi, nilidanganywa na wa nyumbani. Karatasi imesema meno au mdomo. Mdomo wangu nauchukua. Lishushe."

Daktari akasema fundi wa mabango yuko Kahama, atarudi wiki ijayo. Baba alishasimama.

*

Mwita alikuwa palepale kijiweni. Alimwona baba anakuja, mashavu yameingia ndani, midomo imekunjamana, bila meno ya BAADA. Akashuka kwenye pikipiki. Wale wengine nao wakashuka, mmoja mmoja.

"Shikamoo mzee," Mwita akasema.

"Marahaba, baba." Baba akaelekeza kidole ukutani. "Nani ana ngazi?"

Duka la vipuri walikuwa nayo. Mwita akaileta mwenyewe, akaiegemeza, akaishika upande mmoja. Baba akaishika upande wa pili. Hakuna aliyeniambia nipande. Nilipanda.

Kule juu nilikutana na mdomo wa baba uso kwa uso. Kwa karibu haukuwa pango. Niliona alama ndogo ndogo za wino, na kovu kwenye ufizi alipong'oa jino vibaya kwa vidole vyake. Nikaingiza kucha chini ya ukingo, nikavuta. Gundi ilikuwa imekauka. Karatasi ilikatika vipande vipande, ikabidi niikwangue kwa ufunguo, kwa kucha, kucha mbili zikapasuka. Watu wakaanza kukusanyika. Mama wa mihogo ya kukaanga akauliza kuna nini, mtu akamjibu, "Mtoto wa manju anamtoa baba yake ukutani." Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka, ningepata wa kumrukia.

Nilikuwa na hasira na daktari, na Sostenes, na yule tajiri wa Geita ambaye sasa hivi anakula nyama kwa meno yake mwenyewe. Lakini hizo zilikuwa hasira nyepesi. Kila nilipokwangua, ile nzito ilikuwa inanirudia: vizuri sana. Vizuri sana. Maneno mawili, kwa ajili ya macho ya dada wa mapokezi ambaye, nikikumbuka vizuri, wala hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama saa.

Na kama kawaida yangu, hata katika hali ile, vidole vikaanza kuhesabu mizani vyenyewe.

Nilishuka. Kile kipande cha mdomo nilikuwa nimefanikiwa kukitoa kikiwa karibu kizima. Baba alikipokea, akakikunja mara nne, upande wa picha ndani, akakiweka kwapani.

"Baba, nitakutafutia meno mengine," nikasema. "Hospitali ya serikali wanatengeneza, nitauliza, nita..."

"Meno baadaye." Alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza tangu ofisini. "Jumamosi nani anaimba?"

"Wewe, baba. Hata hivyo hivyo. Watu wanakupenda."

"Yaya, hapana. Sitapeleka mate uwanjani. Nakuuliza nani anaimba."

Nikaelewa. Mimi ni mtu wa daftari. Sijawahi kusimama katikati ya duara la watu elfu moja wakinisubiri niteleze.

"Sostenes ataanza na pango," baba akaendelea. "Atakuwa na wimbo mzima. Huwezi kuupangua kwa kumtukana yeye, kwa sababu anayoyasema yametokea kweli. Manju akitaka kumnyang'anya mpinzani fimbo, anajichapa mwenyewe kwanza. Una ubeti?"

"Ninao."

"Sema."

Nikatazama huku na huku. Mwita, ngazi begani. Mama wa mihogo. Wale wa bodaboda wote. Eunice alikuwa amesimama mlangoni pa kliniki, ng'ambo ya barabara, na mfuko mdogo wa karatasi mkononi; nilijua kilichomo, na nilijua baba hatakipokea.

"Hapa, baba?"

"Wametucheka hapa."

Nikasema, kwanza chini, na baba akaweka kiganja nyuma ya sikio, nikalazimika kupaza:

"Karatasi nilishika, nikajifanya nasoma,
Kizungu kikanivuka, kama ng'ombe kwenye boma,
Dole baba akaweka, mdomo ukasimama,
Anayefaa kuchekwa, ni mimi, hapa nasema."

Mwita akaiweka ngazi chini. Mtu mmoja nyuma akaguna, si kwa dharau.

Baba alikuwa anatafuna ubeti ule bila meno, midomo ikitembea, naona anaugeuza kuwa Kisukuma. Hakunisamehe, hilo nililiona wazi. "Mstari wa tatu umelegea," akasema. "Utaurekebisha. Mimi nitapiga ngoma. Huo ndio utakuwa wa kwanza, kabla hujamgusa Sostenes, kabla hujamgusa daktari?"

"Ndiyo."

"Ndiyo uliniambia na kule kliniki. Niahidi kwa maneno yako, na hawa wasikie."

Nikamtazama machoni, nikasema kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara:

"Baba, Jumamosi nitasimama katikati ya uwanja, mbele ya Sostenes na watu wake wote, na wimbo wa kwanza nitaimba kwamba mdomo wako niliuuza mimi, Bujiku mwana wa Makoye, kwa sababu niliona haya kusema sijui. Na karatasi yoyote nisiyoielewa, kuanzia leo, nitakwambia sijui, hata kama anatutazama nani. Nakuahidi."